UCHELEWA JICHONI, NA HATARI YA KUCHELEWA

Kila mtu wa pwani aujua uchelewa. Ni ule uti mwembamba wa jani la mnazi, ambao ukikusanywa na wenzake na kufungwa pamoja huwa ufagio. Watu wa Malindi, Kilifi, Kaloleni na Rabai huushika kila siku, wala hakuna auogopaye. Lakini uchelewa huo ukimchoma mtu jichoni, wakati anaposuka makuti ya kuezekea au anapoburura kuti lililoanguka, mambo huwa mengine. Siku ya kwanza maumivu huweza kuwa kidogo. Siku ya tano jicho huwa jekundu na kutoa machozi. Baada ya majuma mawili au matatu mtu huyo huweza kuwa na chongo.

Wasomaji wengi wamepata kumwona mtu wa namna hii katika kijiji chao, nao wameuliza: yawezekanaje kijiti kidogo kama hicho kiharibu jicho zima? Makala haya yataka kulijibu swali hilo. Na kwa kuwa si kila mtu atapata nafasi ya kusoma mpaka mwisho, twalitaja neno lililo kubwa hapa mwanzo: jicho likichomwa na kitu chochote, nenda hospitali siku ile ile, wala usitie dawa ya kienyeji wala ya dukani ndani yake.

KAZI ZETU NA HATARI ZAKE

Kazi nyingi za pwani hufanywa karibu na vitu vyenye ncha. Mgema hupanda mnazi alfajiri, na makuti humgusa usoni. Mkulima wa Ganze na Magarini hufyeka miiba kabla ya mvua za masika, na wakati wa kuvuna hupita katikati ya mabua ya mahindi ambayo majani yake hukata kama wembe. Afuaye nazi kwenye kifuo hurushiwa nyuzi za makumbi. Katika mashamba ya mkonge ya Vipingo kila jani lina mwiba mweusi kwenye ncha yake, ulio mkali kama sindano ya kushonea magunia. Wakata boriti za mikoko hupigwa na matawi yanayorudi kwa nguvu. Mvuvi naye ana ndoana na miba ya samaki.

Mijini pia hatari zipo. Fundi wa vyuma hurushiwa chembe za chuma, mchonga mawe ya matumbawe hurushiwa vipande vya mawe, na mwendesha bodaboda asiyevaa kofia yenye kioo huingiwa na vumbi, wadudu na vijiti. Watoto huchezea manati, fimbo na kalamu.

Vitu hivi vyote huweza kuumiza jicho. Lakini vile vitokavyo kwenye mimea na udongo vina hatari ya pili, isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo tutakayoieleza.

JICHO LILIVYO MBELE

Mbele ya jicho, juu ya mboni, pana ngozi nyembamba isiyo na rangi, ambayo madaktari huiita konea. Mwanga wote tuonao hupita humo. Unene wake katikati ni kama nusu ya milimita tu. Ili ibaki safi na kupitisha mwanga, konea haina mishipa ya damu hata mmoja. Jambo hili ni jema kwa kuona, lakini lina gharama yake. Mahali pengine mwilini pakikatwa, damu huleta upesi askari wa mwili wapiganao na vijidudu. Kwenye konea askari hao hufika kwa kuchelewa, kwa sababu hawana barabara ya kupitia.

Kinga kubwa ya konea ni tabaka lake la juu kabisa, pamoja na machozi na kope. Tabaka hilo likiwa zima, vumbi la shamba huoshwa na machozi na mtu hapati dhara. Tabaka hilo likichubuka, mlango umefunguliwa. Na kitu chenye ncha kikilipita na kutoboa konea yote, basi kimefika ndani ya jicho penye maji na ute, ambamo hapana kinga ya kutosha kabisa.

Kwa sababu hiyo yatupasa kutofautisha majeraha mawili. La kwanza ni mkwaruzo: juu pamechubuka, lakini jicho halikutoboka. La pili ni kutobolewa: mwiba, uchelewa, ndoana au kipande cha chuma kimeingia ndani. Mkwaruzo ukitunzwa vema mara nyingi hupona kwa siku chache. Jicho lililotobolewa ni jambo la kupasuliwa na kushonwa na daktari wa macho, wala halingoji kesho.

KUVU NI NINI

Kuvu, ambazo siku hizi watu wengi huziita fangasi, ni viumbe vya jamii moja na uyoga, na ule ukungu mweusi au wa kijani uonekanao juu ya mkate uliolala. Hukaa katika udongo, juu ya majani yaoyao, katika makumbi yaliyoloana na juu ya nafaka. Hupenda joto na unyevu, na kwa hiyo nchi za pwani ni makao yake mazuri. Hatuwezi kuziepuka kabisa, kwa kuwa mbegu zake huruka hewani kila siku.

Aina mbili zinazoharibu macho mara nyingi katika nchi za joto huitwa fuzariamu na aspajilasi. Hii ya pili si ngeni kwa Wakenya, kwa maana mojawapo wa jamaa zake ndio unaotia sumukuvu katika mahindi yaliyowekwa ghalani bila kukauka. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu zaidi ya 100 katika upande wa mashariki wa nchi yetu.

Ugonjwa wa kuvu katika jicho ulielezwa kwa mara ya kwanza na daktari Mjerumani aliyeitwa Theodor Leber, mwaka 1879. Mgonjwa wake alikuwa mtu wa shamba ambaye jicho lake lilipigwa na makapi ya nafaka. Tangu siku hiyo hata leo habari ni ile ile: mtu wa shamba, kipande cha mmea, na jicho. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 yaonyesha kwamba watu zaidi ya milioni moja duniani hupatwa na ugonjwa huu kila mwaka, na wengi wao ni wa Asia na Afrika.

Kuvu inapoingizwa na mwiba, haifanyi haraka. Hutoa nyuzi nyembamba kuliko nywele, na nyuzi hizo hupenya katikati ya konea kama mizizi ya mmea ipenyavyo katika ukuta wa udongo. Huenda pande zote, na pia kwenda chini. Huku mwili nao ukijaribu kupigana, konea huyeyuka na kuwa kidonda. Mwisho wake huweza kutoboka, na yaliyomo ndani ya jicho yakaharibika. Ikiwa mwiba wenyewe ulikwisha kutoboa, kuvu huanza kukua ndani ya jicho tangu mwanzo, na ugonjwa huo ni mzito zaidi kuutibu.

Hapo ndipo ilipo siri ya ugonjwa huu. Kwa kuwa kuvu huenda polepole, mtu hudanganyika. Huona kwamba siku mbili zimepita naye angali aona, akasema, "Limekwisha." Kumbe halijaanza.

WAGEMA WAWILI

Tuchukue mfano wa wagema wawili. Si watu fulani, bali ni mfano wa wengi.

Wa kwanza alichomwa na uchelewa asubuhi akiwa juu ya mnazi. Alishuka, akafikicha jicho, akanawa, akaendelea na kazi. Jioni mkewe alimwambia, "Baba watoto, jicho hilo si zuri. Twende hospitali." Naye akajibu, "Ni kijiti tu, mama watoto. Kesho litakuwa zima." Siku ya tatu jicho likawa jekundu, na jirani mwenye nia njema akamkamulia maji ya majani. Siku ya saba alinunua dukani dawa ya matone ambayo mtu mwingine alipata kuitumia. Maumivu yalipungua, wekundu ukafifia, naye akafurahi. Siku ya kumi na mbili aliamka akiona ukungu mbele ya jicho lile, na watu wakamwambia kwamba pana doa jeupe juu ya mboni. Alifika hospitali siku ya kumi na saba. Jicho liliokolewa lisitolewe, lakini kuona hakukurudi. Mtu mwenye jicho moja hapimi vema umbali wa kuti la kushika, na juu ya mnazi kosa moja latosha. Basi aliacha kazi aliyoijua tangu ujana wake, na watoto wawili walikaa nyumbani kwa kukosa karo.

Wa pili alichomwa vivyo hivyo. Aliacha mitungi yake chini ya mnazi, akapanda bodaboda, akafika hospitali kabla ya adhuhuri. Daktari alitia rangi ya manjano jichoni, akatazama kwa taa ya buluu, akauona mkwaruzo. Alimpa mafuta ya jicho, akamwamuru arudi kesho na kesho kutwa. Alipoteza kazi ya siku tatu. Juma la pili alikuwa juu ya mnazi tena, na macho yake mawili.

Majeraha ya wawili hawa yalikuwa sawasawa. Kilichowatenga ni siku kumi na saba.

YALIYOONEKANA UGANDA NA NEPAL

Siku hizo kumi na saba hatukuzitunga. Katika mji wa Mbarara, Uganda, baina ya mwaka 2016 na 2018, madaktari walichunguza wagonjwa 313 wenye vidonda vya konea, ambao wengi wao walikuwa wakulima. Nusu yao walifika hospitali baada ya siku 17 au zaidi tangu jicho lilipoanza kuuma. Watu 60 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kutia dawa za kienyeji. Wale ambao vidonda vyao vilipimwa, 62 katika kila 100 walikuwa na kuvu. Baada ya miezi mitatu ya matibabu, watu 30 katika kila 100 walikuwa vipofu wa jicho lile, na 9 katika kila 100 walikuwa wamepoteza jicho lenyewe. Madaktari wa hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, walikwisha kuona mambo yanayofanana na hayo kabla yake: wagonjwa huja wakiwa wamechelewa.

Sasa tutazame upande wa pili. Katika wilaya ya Bhaktapur, nchi ya Nepal, wafanyakazi wa afya wa vijijini walifundishwa kuwatazama watu waliokwaruzwa macho, na kuwapa mafuta ya kuua bakteria mara tatu kwa siku kwa muda wa siku tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Katika kila watu 100 waliotibiwa, 96 walipona bila kupata kidonda. Na wale waliotibiwa kabla ya kupita muda wa saa 18 tangu kuumia, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Waliopata vidonda walitoka miongoni mwa wale waliochelewa.

Msomaji na aitazame hesabu hiyo vizuri. Saa 18 ni tangu asubuhi ya leo mpaka usiku wa manane. Mfano huu ni wa mkwaruzo tu, si wa jicho lililotobolewa. Lakini ikiwa mkwaruzo mdogo wataka kuonwa siku ile ile, je, jicho lililotobolewa?

DALILI ZA KUTAZAMA

Mtu aliyeumia jicho, hata kama jeraha lilikuwa dogo, na atazame mambo haya kwa muda wa majuma kadhaa: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu usioondoka, machozi mengi na kuchukia mwanga, kuona kwa ukungu, doa jeupe au la kijivu juu ya konea, ambalo mara nyingi kingo zake si laini bali zina nyuzinyuzi kama unyoya, na usaha mweupe uliotuama chini mbele ya jicho. Mboni isiyokuwa mviringo tena, au jicho lililolegea na kutoa majimaji, ni ishara kwamba jicho limetobolewa. Mojawapo wa dalili hizi yatosha kumpeleka mtu hospitali bila kungoja.

VITU VINAVYODHURU

Wazee wetu wana elimu ya mitishamba, na hatuandiki hapa ili kuwadharau. Lakini yafaa tuseme kweli kuhusu jicho. Maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo, mate, asali na maji ya sukari havikuchemshwa wala kusafishwa. Vikitiwa katika jicho lenye jeraha huingiza vijidudu vingine, na majani mabichi huweza kuingiza kuvu zile zile tunazozikimbia. Isitoshe, hutumia siku ambazo jicho halina.

Dawa za dukani nazo zina hatari yake. Dawa ya kuua bakteria haiui kuvu. Mtu akiwa na kuvu akaitumia peke yake, hungoja kupona na kumbe ugonjwa waendelea. Mbaya zaidi ni matone yenye dawa za aina ya steroidi, ambazo mara nyingi huchanganywa na dawa nyingine katika chupa moja. Dawa hizi huondoa wekundu na maumivu kwa kuwatuliza wale askari wa mwili tuliowataja. Mgonjwa huona nafuu, lakini adui hana tena wa kumzuia. Hivyo ndivyo alivyodanganyika yule mgema wa kwanza. Usinunue matone ya jicho bila kupimwa, wala usitumie chupa ya jirani.

LA KUFANYA MARA MOJA

Ikiwa ni vumbi au takataka ndogo isiyochoma, osha jicho kwa maji safi mengi, wala usifikiche. Maumivu yakiendelea, nenda hospitali.

Ikiwa kitu kimechoma au kimetoboa, fuata haya:

Kwanza, usikichomoe kitu kilichokwama jichoni. Huenda ndicho kinachozuia yaliyomo ndani yasitoke.

Pili, usioshe, usifikiche, usibonyeze, wala usitie dawa yoyote.

Tatu, lifunike jicho bila kuligusa. Chukua kikombe safi cha karatasi au kitako cha chupa ya plastiki kilichokatwa na kuoshwa, ukiweke juu ya mifupa inayozunguka jicho, ukifunge kwa kitambaa au plasta. Usikandamize pamba juu ya jicho lenyewe.

Nne, mgonjwa akae ameinua kichwa, wala asile chakula njiani, kwa kuwa huenda akahitaji kupasuliwa siku ile.

Tano, mpelekeni hospitali mara moja, na mkumbuke kuuliza habari ya sindano ya pepopunda. Aliye karibu na Malindi au Kilifi na aende hospitali ya serikali ya hapo, na aliyetobolewa jicho huenda akapelekwa Mombasa kwa daktari wa upasuaji wa macho. Asikatae safari hiyo.

Mwambieni daktari wazi ni kitu gani kilichochoma: uchelewa, mkonge, bua, chuma au ndoana. Mkiwa mmekwisha kutia dawa ya kienyeji, msifiche. Daktari hatafuti wa kumlaumu. Atafuta kujua ni ugonjwa wa namna gani, ili asipoteze siku kwa dawa isiyofaa.

MATIBABU YALIVYO

Hospitalini, daktari akishuku kuvu, hutia ganzi jichoni na kukwangua kidogo kando ya kidonda. Uchafu huo huwekwa juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini, na nyuzi za kuvu zikiwapo huonekana. Kazi hii ni ya muda mfupi, na kwa ajili ya ganzi haina maumivu makubwa. Mgonjwa asiikimbie, maana ndiyo itengayo kuvu na bakteria.

Dawa iliyo maarufu kwa ugonjwa huu huitwa natamaisini, nayo ina habari ya kupendeza kwa watu wa Afrika. Iligunduliwa katika miaka ya 1950 kutoka kwa kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Natal, Afrika ya Kusini, na kutoka jimbo hilo ikapewa jina lake. Mwaka 2013 madaktari wa India na Marekani walichapisha matokeo ya kuilinganisha na dawa nyingine mpya zaidi, iitwayo vorikonazo, na natamaisini ikaonekana bora, hasa kwa kuvu ya fuzariamu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa za lazima.

Dawa hii hutiwa kwa matone, na siku za kwanza huweza kutiwa kila saa. Baadaye hupunguzwa, lakini matibabu huchukua majuma mengi, hata miezi. Wengi huacha wanapoona nafuu, na ugonjwa hurudi. Tena dawa hii haipenyi sana ndani. Kuvu ikiwa imekwisha kuingia ndani ya jicho, hapana budi kutumia sindano ndani ya jicho, au upasuaji. Mahali pengine konea iliyoharibika huondolewa na kuwekwa konea ya mtu aliyekufa, lakini konea hizo ni chache mno. Na mwisho wa yote, jicho ambalo haliwezi kuokolewa hutolewa. Kila hatua katika hizi ina gharama kubwa kuliko iliyotangulia, na matumaini madogo kuliko iliyotangulia.

Si kila hospitali wala kila duka la dawa lina natamaisini. Hii ni sababu nyingine ya kuwahi, ili daktari apate siku za kuitafuta dawa jicho likiwa bado lina nguvu.

KUHUSU NAULI NA KAZI

Twajua kwamba kuchelewa hakuletwi na ujinga peke yake. Mtu wa Ganze ana safari ndefu, na nauli ya kwenda na kurudi ni fedha ya chakula cha siku kadhaa. Kibarua anayelipwa kwa siku huogopa kukosa ujira. Mama hana wa kumwachia watoto. Haya ni ya kweli, na anayeyapuuza hawajui watu wa kwetu.

Lakini tupige hesabu pamoja. Nauli ya siku ya kwanza ni ya mara moja au mbili. Nauli ya siku ya kumi na saba ni ya kwenda Mombasa, na kulazwa, na kurudi kila juma, na mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Kwa hiyo si vibaya jamaa na majirani wakaweka akiba ndogo ya namna ya chama, kwa ajili ya ajali kama hizi. Na msimamizi wa shamba au wa karakana ampe ruhusa mtu aliyeumia jicho saa ile ile, bila kungoja kazi imalizike.

KINGA

Miwani ya plastiki ya kukinga macho haina bei kubwa ikilinganishwa na jicho. Yafaa ivaliwe na mfyekaji, mkata mkonge, fundi wa kusaga vyuma, mchonga mawe na msuka makuti. Mwendesha bodaboda na afunge kioo cha kofia yake. Atembeaye nyuma ya mwenzake msituni aache nafasi, ili tawi lisimrudie usoni.

Watoto waangaliwe zaidi. Wengi wamesikia jina la Louis Braille, Mfaransa aliyewatungia vipofu maandishi ya nukta za kusomwa kwa vidole. Mwaka 1812, akiwa na umri wa miaka 3, alikuwa akichezea chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake aliyeshona matandiko ya farasi, nacho kikamchoma jicho moja. Ugonjwa uliingia, na jicho la pili nalo likaharibika. Kabla ya kutimiza miaka sita alikuwa haoni kabisa. Mpaka leo, ingawa ni mara chache, jicho moja likitobolewa na lisitunzwe, mwili huweza kulishambulia hata jicho zima. Basi visu, misumari, ndoana na manati visiwe vitu vya kuchezea. Na mtoto aliyeumia jicho asichapwe kwanza. Mtoto aogopaye fimbo huficha jeraha, na jeraha lililofichwa halitibiwi kwa wakati wake.

Wazee wetu walisema, "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako." Kwa habari ya macho, neno hilo limepata maana mpya. Uchelewa wa mnazi huumiza jicho kwa dakika moja, na mara nyingi hatuna uwezo wa kuizuia dakika hiyo. Kuchelewa kwetu wenyewe ndiko kunakompa kuvu siku zake za kula, na siku hizo zi mikononi mwetu. Basi kila asomaye makala haya na amsomee asiyejua kusoma, shambani, dukani na barazani, ili siku uchelewa utakapomchoma mtu wa nyumba ile, pasiwe na mtu wa kusema, "Tungoje kesho."